Kisu kipya kimeingia jikoni? Furahia makali, lakini linda vidole vya familia

Kuna watu wakinunua simu mpya hawasemi kitu, lakini wakinunua kisu kipya lazima jirani ajue. Watakitoa kwenye boksi taratibu, watakigeuzageuza kwenye mwanga, watakupa ukishike ili usikie uzito wake, kisha watatafuta nyanya iliyoiva. Nyanya ikikatika bila kukandamizwa, furaha yake utadhani ni ya sikukuu.

Zamani mazungumzo haya yalikuwa ya wapishi wa hoteli na wenye mabucha. Siku hizi utayasikia kwa kina mama waliopewa seti ya visu kwenye kicheni pati, kwa kina baba waliogundua kuwa kuchoma nyama kunahitaji zaidi ya mkaa mzuri, na kwa vijana wanaoanza maisha na kutaka angalau kisu kimoja cha maana.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Ni kweli. Ila kisu hicho hicho kinalala kwenye nyumba yenye mtoto anayejifunza kutambaa, binti wa darasa la tatu anayetaka kusaidia kupika na dada wa kazi ambaye hakuna aliyemwambia kuwa kisu kimebadilishwa.

Kwa hiyo leo tuzungumze mambo yote mawili: wapenzi wa visu wanaangalia nini wanapopata kisu kipya, na mzazi afanye nini ili furaha hiyo isiishie kituo cha afya.

Wanachokiangalia kwanza

Mpenzi wa visu haanzi na urembo. Anaanza na mpini. Anakishika kisu kama anayetaka kukata kitunguu, anasikiliza kama kiganja kimekaa vizuri au kuna kona inayochoma. Mpini unaoteleza ukiwa na mafuta ya kuku ni kasoro, hata kama kisu kinang'aa kama kioo.

Kisha anatazama chuma kinavyoingia kwenye mpini. Visu vingine vina chuma kinachokwenda hadi mwisho wa mpini na kubanwa kwa ribiti. Vingine vina kipande kifupi tu kilichochomekwa kwenye plastiki. Hivi vya pili vinaweza kufaa kwa kumenya viazi, lakini vikitumika kupasulia boga gumu mpini unaweza kulegea au kuchomoka, na hapo ndipo mkono unapokwenda usikotarajia.

Cha tatu ni mlingano wa uzito. Kisu cha jikoni cha ukubwa wa kati ukikiegesha kwenye kidole pale bapa linapokutana na mpini, kinatakiwa kikae bila kuelemea sana upande mmoja. Kikielemea sana mbele, kifundo cha mkono huchoka haraka ukikata vitunguu vya pilau ya watu wengi.

Mwisho ni makali. Hapa naomba tuelewane: makali hayajaribiwi kwa kidole gumba wala kwa kunyoa nywele za mkono, hata kama fundi fulani hufanya hivyo mbele za watu. Tumia karatasi au nyanya. Kisu kikali hupasua karatasi iliyoshikwa juu bila kuichana vibaya, na huingia kwenye ganda la nyanya bila kulibonyeza. Mtoto anakuangalia, na atakachokuona unafanya leo atakifanya kesho ukiwa sokoni.

Chuma ni kile kile?

Hapana. Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield, Uingereza, mtaalamu wa vyuma Harry Brearley alikuwa akitafuta namna ya kuzuia mitutu ya bunduki isilike haraka. Alichanganya chuma na madini ya kromiamu na kupata chuma kisichoshika kutu kwa urahisi. Sheffield tayari ulikuwa mji wa watengeneza visu, hivyo haikuchukua muda chuma hicho kikafika mezani na jikoni. Hadi leo, ili chuma kihesabiwe kuwa hakishiki kutu, kinatakiwa kiwe na kromiamu isiyopungua takriban asilimia 10.5.

Kile cha zamani, chenye kaboni bila kromiamu ya kutosha, hakijatoweka, na wapenzi wengi wa visu hukipenda kwa sababu kinanoleka upesi. Lakini kina masharti. Ukikata ndimu au nyanya ukakiacha bila kukifuta, kinabadilika rangi. Ukikiacha na maji usiku mmoja, asubuhi unakuta kutu. Kwa nyumba yenye watumiaji wanne tofauti, kile kisichoshika kutu kinasamehe zaidi.

Jambo lingine ni ugumu wa chuma. Visu vingi vya Kijerumani, kama vinavyotengenezwa katika mji wa Solingen, na vya Uswisi, ni vizito au imara kiasi, na chuma chake si kigumu kupita kiasi. Makali yake huisha mapema kidogo lakini hayavunjiki ovyo. Visu vingi vya Kijapani ni vyembamba, chuma chake kigumu zaidi, na hukaa na makali muda mrefu. Tatizo ni kwamba ukikitumia kisu cha namna hiyo kukatia mfupa wa mbuzi au nyama iliyoganda, makali hung'oka vipande. Kipande cha chuma kwenye mchuzi si jambo la kuchekea.

Kwa hiyo swali la kujiuliza dukani ni: nyumbani kwetu tunakata nini? Kama kila wiki kuna kuku mzima, mifupa na muhogo, usidanganywe na wembamba. Mfupa uachie panga dogo la kazi hiyo, au mwombe mwenye bucha akukatie kabisa. Kisu chako kibaki kwa mboga na nyama laini.

Wiki ya kwanza ndiyo ya kuangalia

Nyumba nyingi zimeishi na kisu butu kwa miaka. Mkono umezoea kukandamiza, kusukuma na kukereza kama unakata kuni. Kisu kipya hakihitaji nguvu hiyo. Unakandamiza kama ulivyozoea, kinapita kwenye karoti kabla hujajiandaa, na kidole kipo hapo hapo chini.

Watu husema kisu butu ndicho hatari, na wana hoja: kisu butu huteleza juu ya ganda la kitunguu na kukimbilia mkononi. Lakini kisu kikali kilichoshikwa kwa tabia za kisu butu ni hatari pia, kwa sababu jeraha lake huingia ndani haraka, mara nyingi kabla hujasikia maumivu.

Tabia ya kwanza ya kubadili ni kukatia mkononi. Wengi wetu tumelelewa tukiona sukuma wiki, mchicha na vitunguu vikikatwa vikiwa vimeshikwa kiganjani, kisu kikija upande wa kidole gumba. Kwa kisu kipya, acha. Nunua kibao cha kukatia, weka kitambaa chenye unyevu chini yake ili kisiteleze, na ukatie hapo.

Mkono unaoshika mboga ukunje vidole kama paka anapoficha kucha, ncha za vidole zirudi nyuma na bapa la kisu liguse viungo vya vidole, si kucha. Mkono wa kisu ukibane bapa kwa kidole gumba na cha shahada pale linapokutana na mpini, vidole vitatu vilivyobaki vishike mpini. Siku mbili tatu utaona unachelewa. Baada ya hapo utakata haraka kuliko zamani.

Na kisu kikidondoka, usikidake. Rudi nyuma, kiache kianguke. Chuma kitanunuliwa kingine.

Mwambie dada wa kazi

Hili halisemwi sana. Baba ananunua kisu Jumamosi, anakisifia kwa wageni, Jumatatu anaondoka kwenda kazini. Anayekitumia asubuhi hadi jioni ni dada wa kazi, na mara nyingi ni binti mdogo ambaye hakuwepo wakati wa kusifia.

Chukua dakika kumi ukae naye jikoni. Mwonyeshe kisu kilivyo kikali, mkate naye kitunguu kimoja, mwambie kisikatie mfupa wala kufungulia kopo, na kisiachwe ndani ya beseni la vyombo. Kisu kilichozama kwenye maji ya povu hakionekani, na anayeingiza mkono kutafuta kijiko ndiye anayeumia. Kisu kioshwe peke yake, kifutwe, kirudishwe mahali pake.

Mwambie pia kwamba akijikata aseme. Wasichana wengi huficha jeraha wakiogopa kugombezwa, na jeraha lililofichwa siku tatu hurudi likiwa na usaha.

Mtoto na kisu

Wahenga walituachia usemi kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Kwa kisu cha jikoni usifuate. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajifunzi chochote kwa kukatwa kano ya kidole, isipokuwa kuogopa hospitali.

Nyumba nyingi hupikia chini, mama amekaa kwenye kigoda, kisu kiko sakafuni pembeni ya sufuria. Kwa mtoto anayetambaa, hicho ni kitu kinachong'aa kilichowekwa usawa wa mikono yake. Kama unapikia chini, kisu kikimaliza kazi kiwekwe juu, si pembeni. Droo ya chini isiyo na kufuli haitoshi, na kikombe cha vijiko mezani hakitoshi, kwa kuwa mtoto wa miaka miwili huvuta kitambaa cha meza na vyote hushuka naye.

Kama kisu kilikuja na ala, usiitupe pamoja na boksi. Kama hakikuja nayo, kunja karatasi ngumu ya boksi hilo hilo, ifunge kwa gundi ya utepe ikae kama mfuko wa kisu. Inalinda vidole na pia inalinda makali yasigongane na vijiko.

Mtoto mkubwa kidogo ni habari nyingine. Kumzuia kabisa hadi afike sekondari si ulinzi, maana siku atakayokishika hutakuwepo. Mwanzishe kidogo kidogo. Wa miaka minne anaweza kukata ndizi mbivu kwa kisu cha mezani. Wa miaka saba au minane anaweza kukata tango au viazi vilivyochemshwa kwenye kibao, wewe ukiwa umekaa pembeni, simu imewekwa chini. Kuna viwanda vinavyotengeneza visu vya watoto: Opinel ya Ufaransa, kwa mfano, ina kisu chenye pete ya kuingiza kidole kwenye mpini na kinga ya vidole vya mkono wa pili. Lakini kinachomlinda mtoto kuliko pete ni mtu mzima aliye karibu.

Mfundishe mambo matatu yasiyobadilika. Hatutembei na kisu kikielekea mbele. Hatumpi mtu kisu mkononi, tunakiweka mezani naye anakichukua. Hatuchezi wala kufukuzana jikoni kisu kikiwa nje.

Kunoa bila kuharibu

Raha ya kisu kipya hudumu kadiri unavyokitunza. Kunoa kwenye ngazi ya saruji kunatoa makali ya haraka yenye mikwaruzo, na baada ya miezi kisu kinakuwa na mawimbi. Mnoa visu anayepita mtaani na baiskeli ni msaada mkubwa kwa visu vya kawaida. Ila kwa kisu cha bei, mwangalie: jiwe linalozunguka kwa kasi likikandamizwa mpaka cheche ziruke na chuma kibadilike rangi, joto limeharibu ugumu wake na makali hayatakaa tena.

Nyumbani kinoo kinatosha. Kwa matumizi ya kawaida tafuta chenye chembe zenye namba karibu na 1000. Namba ndogo kama 400 ni kwa kisu kilichoharibika, kubwa kama 3000 ni kwa kulainisha. Kuhusu mlalo: simamisha kisu wima kwenye kinoo, hiyo ni nyuzi 90. Kilaze nusu upate 45, kilaze nusu tena. Hapo uko karibu na nyuzi 20 zinazofaa visu vingi vya Kizungu. Vya Kijapani hulazwa zaidi, karibu nyuzi 15. Noa watoto wakiwa wamelala au wako shule.

Ile fimbo ya chuma unayoiona kwa mwenye bucha kazi yake kubwa ni kunyoosha makali yaliyopinda. Ni nzuri kwa visu vya chuma cha kati, lakini kwa chuma kigumu na chembamba inaweza kukimegua.

Kisu kimoja, nyama na kachumbari

Siku ya kwanza, kabla hujakata chochote, osha kisu kwa maji ya moto na sabuni. Visu vingi hutoka kiwandani vikiwa na mafuta ya kuzuia kutu na vumbi la kunolea.

Baada ya hapo, hatari kubwa haionekani kwa macho. Kuku mbichi anaweza kubeba bakteria kama salmonela na kampilobakta. Kuku atapikwa, bakteria watakufa. Lakini kisu kilichomkata kikifutwa kwa kitambaa tu na kuingia kwenye nyanya za kachumbari, bakteria wanakwenda mezani wakiwa hai. Kutenganisha vyakula vibichi na vilivyo tayari kuliwa ni moja ya nguzo tano za usalama wa chakula zinazofundishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Ukiweza, tenga kisu na kibao cha nyama. Kama kipo kimoja tu, kata kachumbari kwanza, kuku afuate.

Ikitokea mtu amejikata

Bonyeza jeraha kwa kitambaa kisafi na uinue mkono juu ya usawa wa moyo. Bonyeza dakika 10 mfululizo bila kuchungulia, maana kila ukifunua unang'oa damu iliyoanza kuganda. Damu ikikoma, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha funga. Usiweke majivu, kahawa, dawa ya meno wala mafuta ya taa. Vitu hivyo huingiza uchafu na kumfanya daktari ashindwe kuona kina cha jeraha.

Nenda kituo cha afya haraka kama:

• damu haikomi baada ya kubonyeza dakika 10, au inaruka kwa mapigo;

• kingo za jeraha zimeachana au unaona mafuta, kano au mfupa;

• kidole hakikunjiki au hakinyooki;

• kuna ganzi upande mmoja wa kidole;

• jeraha liko kwenye kiganja au kifundo cha mkono na ni la kina.

Dalili ya kidole kutokunjika huchukuliwa kwa wepesi kwa sababu kidonda cha nje chaweza kuwa kidogo tu. Ndani yake kano inaweza kuwa imekatika, na kano haijiungi yenyewe kwa kufungwa bendeji. Inahitaji kushonwa, na mapema ni bora kuliko baadaye. Kwa mtoto ambaye hawezi kueleza, mpe kitu akishike na utazame kama vidole vyote vinafanya kazi.

Kama kipande cha kidole kimekatika kabisa, kifunge kwenye kitambaa kisafi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kisha weka mfuko huo kwenye maji yenye barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja. Nenda nacho hospitali.

Pepopunda haiko kwenye kutu

Wengi huamini kisu kipya kisicho na kutu hakiwezi kuleta pepopunda. Bakteria wa pepopunda hukaa kwenye udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama, si kwenye kutu yenyewe. Kisu kinachong'aa kilichotoka kukata mchicha wenye udongo kinaweza kuwapeleka ndani ya kidonda. Dalili huanza mara nyingi kati ya siku 3 na 21: taya kukaza, kushindwa kumeza, misuli kukakamaa.

Kinga ipo. Mtoto huanza kuipata kwenye chanjo ya penta akiwa na wiki 6, 10 na 14. Lakini kinga hupungua na miaka, na watu wazima wengi, hasa wanaume, hawakumbuki walichanjwa lini. Ndiyo maana mhudumu atakuuliza ulichanjwa lini mara ya mwisho. Kwa kidonda kichafu, zaidi ya miaka 5 tangu dozi ya mwisho humfanya akuongeze nyingine. Kwa kidogo na kisafi, huwa ni zaidi ya 10. Usipokumbuka, sema hukumbuki.

Leo jioni, kabla ya kuanza kupika, piga magoti jikoni mpaka macho yako yawe usawa wa mtoto wako. Tazama huku na huku. Kisu chochote unachokiona ukiwa hapo chini, naye anakiona. Kihamishe kwanza, ndipo uendelee na kitunguu.